London kwa Pauni Saba kwa Siku

Shangazi yangu yuko London mwaka wa 19 sasa. Kazi yake ni kusafisha ofisi: anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, anamaliza saa nne asubuhi, anarudi miguu imevimba. Ofisi yake moja iko mitaa miwili tu kutoka British Museum, lile jumba kubwa la makumbusho. Miaka yote hiyo amepita mbele ya lango lile la chuma, akaziona nguzo zile nene za mawe, akashika njia yake. Nilipomwuliza kama amewahi kuingia, alinitazama kama niliyemwuliza kama amewahi kulala Ikulu.

"Mle, mwanangu? Mle si pa watu kama sisi. Na kiingilio chenyewe nitakitoa wapi?"

Nikamwambia hakuna kiingilio. Hakuniamini, na sikumlaumu. Jengo lile limejengwa kwa namna ambayo mtu akitazama ngazi zake tu anajikuta anapapasa mfuko.

Mimi nilifikia kwake kwa kozi ya wiki sita. Ada ilikuwa imeshalipwa, kitanda nilikuwa nacho sebuleni kwa shangazi, na baada ya kupiga hesabu zote nikabakiwa na pauni saba za kutumia kila siku. Katika London hizo zinaisha kwa mlo mmoja wa kula umesimama. Nikakata shauri: chakula nitabeba kutoka nyumbani, pauni tatu na nusu ni nauli ya basi kwenda na kurudi, zinazobaki ni za dharura. Kitu kingine chochote nitakachokitaka mjini sharti kiwe cha bure. Vipindi vilikuwa vya asubuhi, kwa hiyo mchana kutwa ulikuwa wangu.

Waswahili tunasema rahisi ghali, na nilianza safari nikiamini kwamba cha bure kabisa kitakuwa makombo: bustani mbili tatu, sanamu za barabarani, madirisha ya maduka. Nilijidanganya. Vile vinavyotozwa pesa nyingi, gurudumu lile kubwa la kando ya mto na sanamu za nta, ndivyo unavyoweza kuviacha na usipungukiwe kitu. Kiini chenyewe cha jiji kiko wazi.

Lakini nililijua hilo baada ya kukosea kwanza. Siku yangu ya kwanza nilikwenda National Gallery, jumba la michoro la taifa, pale Trafalgar Square, nikatembea chumba hadi chumba kwa saa nne bila kukaa. Niliona mamia ya michoro. Usiku shangazi akaniuliza nimeona nini, nikakosa la kumjibu. Nilichokumbuka ni visigino vyangu. Kesho yake nikarudi kwa hasira, nikaenda moja kwa moja kwenye mchoro mmoja tu, ule wa maua ya alizeti aliouchora Van Gogh mwaka 1888, nikakaa nao kwa dakika 20. Ukiusogelea unaona kwamba rangi imepakwa nene hadi ina vivuli vyake yenyewe, kama udongo wa ukuta uliokandikwa kwa mkono. Alizeti nyingine zimeshanyauka, zimebaki vichwa vya mbegu. Ukuta ni njano, meza njano, chombo njano, maua njano, na bado kila njano ina mahali pake. Kwenye chombo ameandika jina lake la kwanza tu, Vincent. Nilipomaliza nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi nikala chapati yangu.

Pale kwenye ngazi ndipo jambo lenyewe liliponijia. Mtu aliyelipa pauni 30 hawezi kutazama mchoro mmoja akaondoka. Pesa yake inamsukuma mgongoni: umelipa, ona vyote, piga picha vyote, usiache kitu. Mimi niliyeingia bure nilikuwa na ruhusa ya kuona kidogo. Ningeweza kurudi kesho, na keshokutwa, na mtondo, kuutazama mchoro uleule au wa pembeni yake. Tangu siku hiyo nilijiwekea kanuni: kila ninapoingia, kitu kimoja.

Baadaye nilijifunza kwamba wakazi wa London wenyewe waliwahi kuishi hivyo kwa kulazimika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili michoro yote ya National Gallery ilihamishwa ikafichwa, mwishowe kwenye machimbo ya mawe ya Manod huko Wales, ili mabomu yasiikute. Jengo likabaki kuta tupu. Mapema mwaka 1942 wananchi wakaomba, wakakubaliwa, mchoro mmoja uletwe mjini kila mwezi. Mmoja tu, ukutani peke yake, na watu wakawa wanakuja kuutazama huku vita vinaendelea. Nyumba hiyo ilianza mwaka 1824 na michoro 38, na ilipotafutiwa makao ya kudumu ikachaguliwa Trafalgar Square kwa sababu matajiri wa magharibi ya jiji wangefika kwa magari yao ya farasi na maskini wa mashariki wangefika kwa miguu. Mimi nilikuwa natoka mashariki. Niliisoma habari hiyo nikajiona nimetajwa.

Nimeandika neno bure mara nyingi, basi niseme linatoka wapi, kwa sababu halikuanguka kutoka mbinguni. British Museum ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753, ikafunguliwa Januari 15, 1759, na ilikusudiwa kuwa ya bure kwa kila mwenye hamu ya kujifunza. Lakini miaka ya mwanzo ilikubidi uandike ombi la tiketi na kusubiri ukubaliwe, na mtu wa kazi za mikono angeandika kwa nani? Ilikuwa bure ya kwenye karatasi. Natural History Museum, makumbusho ya viumbe na maumbile, nayo ilikuwa ikitoza kiingilio kuanzia mwaka 1987, wazazi wenye watoto watatu wanne wakahesabu na kugeuza. Viingilio vya majumba ya makumbusho ya taifa vilifutwa Desemba 2001. Kwa hiyo unapopita chini ya kile kiunzi kizima cha mifupa ya nyangumi buluu kinachoning'inia ukumbini mwa Natural History Museum, mita 25 kutoka pua hadi mkia, jua kwamba ungeingia mwaka 2000 ungekuta dirisha la tiketi. Kuna watu walidai, kuna serikali iliamua, kuna kodi inayolipa. Shangazi amelipa kodi hiyo miaka 19.

Sasa niwapeleke mahali ambapo wageni wengi hawafiki.

Karibu na kanisa kuu la St Paul's kuna kibustani kinaitwa Postman's Park, kwa sababu wafanyakazi wa posta ya jirani walikuwa wakija kula chakula cha mchana hapo. Kidogo, kivuli kingi, samaki kwenye kidimbwi. Upande mmoja kuna kibanda kirefu cha mbao, na ukuta wake umebandikwa vigae vyenye maandishi. Mchoraji George Frederic Watts alipendekeza mwaka 1887 kwamba wajengewe ukumbusho watu wa kawaida waliokufa wakiwaokoa wenzao. Akahangaika hadi mwaka 1900 ndipo ukuta ukazinduliwa. Mji umejaa sanamu za majemadari juu ya farasi. Hapa kuna Alice Ayres, binti wa kibarua wa mwashi, aliyewatoa watoto watatu ndani ya nyumba inayowaka moto Union Street mwaka 1885, yeye akafa. Kuna Thomas Griffin, kibarua wa fundi mitambo, aliyeunguzwa na mvuke na maji ya moto katika kiwanda cha sukari cha Battersea mwaka 1899, kwa sababu alirudi ndani kumtafuta mwenzake. Kuna Sarah Smith, msanii wa jukwaani, aliyekimbia kuuzima moto uliomshika mwenzake huku gauni lake lenyewe likiwa la kushika moto haraka. Vigae vimezidi 50. Kila kimoja kina jina na alichokifanya, basi.

Nilikuwa nimepanga kukaa dakika kumi. Nikasoma ukuta mzima, kigae kwa kigae, nikijitafsiria kwa sauti ya chini, na nilipofika kwa Thomas Griffin koo likanikaba. Alishatoka salama. Akarudi. Sijalipa hata senti kuona mahali pale, na kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumwonyesha mtu London nzima, ningempeleka kwenye ukuta huo.

Kutoka hapo, mwendo wa dakika chache, kwenye ukuta wa kanisa la St Sepulchre, utaona bomba la maji la jiwe lenye vikombe vya chuma vilivyofungwa minyororo. Ni bomba la kwanza la maji ya bure la chama kilichoanza kazi hiyo mwaka 1859, miaka ambayo maji machafu ya visima na ya mto Thames yalikuwa yameua watu kwa maelfu kwa kipindupindu. Siku hizi chupa yako utaijaza ndani ya makumbusho yoyote makubwa, na choo pia ni humohumo, safi na bila sarafu. Mtu anayetembea mjini kutwa kwa pauni saba anajua uzito wa maneno hayo.

Nyumba ya Sir John Soane iko Lincoln's Inn Fields. Huyu alikuwa mtoto wa mwashi (nami nikawa nimeshamzoea mwashi wa Alice Ayres) akawa msanifu majengo mkubwa, na mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria kwamba akifa nyumba yake ibaki ilivyo na watu waingie bure. Alifariki mwaka 1837. Hadi leo unaingia kama mgeni nyumbani kwa mtu: ngazi nyembamba, vichwa vya marumaru hadi darini, na chini kabisa kuna jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, ambalo Soane alilinunua kwa pauni 2,000 mwaka 1824 baada ya British Museum kukataa bei hiyo. Kuna chumba kidogo ambacho kuta zake ni milango: mhudumu anavuta ukuta, unafunguka kama kabati, na nyuma yake kuna ukuta mwingine umejaa michoro. Tulikuwa watu wanane mle ndani na wote tuliguna kwa pamoja.

Usafiri. Basi lilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ulipogusa kadi unaweza kubadilisha mabasi upendavyo bila kukatwa tena. Pesa taslimu hazipokelewi tangu mwaka 2014. Ni kadi au simu. Panda juu, kaa kiti cha mbele kabisa. Namba 15 kutoka Trafalgar Square kwenda mashariki inakupitisha St Paul's na ngome ya Tower, na mabasi ya watalii yenye paa wazi yanapita barabara hizohizo kwa bei ya wiki yangu nzima.

Lakini safari niliyoipenda haikuwa hata na hiyo 1.75. Woolwich, mbali huko mashariki, kuna kivuko cha kuvuka Thames ambacho hakitozi mtu wala gari tangu mwaka 1889. Sababu yake inanifurahisha kila nikiikumbuka. Miaka ya nyuma yake, madaraja ya upande wa magharibi yaliyokuwa yakitoza ushuru yalinunuliwa kwa fedha za walipa kodi wa jiji zima, yakafanywa ya bure. Watu wa mashariki wakasimama wakasema: na sisi tumelipa, kuvuka kwetu je? Wakapewa kivuko. Nilikipanda siku ya upepo, nikasimama nyuma ya kamba pamoja na baba mmoja na baiskeli yake, maji ya kahawia yakipiga ubavuni, malori yakinguruma juu ya chuma. Nikavuka, nikashuka, nikapanda tena nikarudi. Ukipenda nchi kavu, Greenwich kuna handaki la waenda kwa miguu lililofunguliwa mwaka 1902 ili vibarua wa kusini wa mto wafike bandarini kazini. Mita 370 hivi chini ya mto, vigae vyeupe mwanzo hadi mwisho, na sauti ya nyayo zako inakutangulia.

Kwa wanaopenda kuona mji kutoka juu: Sky Garden na Horizon 22 ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema mtandaoni, na nafasi za machweo huisha haraka. Mimi nilijipeleka kwenye jengo moja refu bila kujiandikisha, nikarudishwa mlangoni mbele ya watu, na aibu ile ilinifuata hadi Fenchurch Street, ambako nikagundua The Garden at 120: bustani juu ya paa, ghorofa ya 15, hauhitaji kujiandikisha. Majengo marefu yamekuzunguka pande zote, na maua yenye harufu yako juu ya kichwa chako. Kubadilishwa kwa walinzi wa kasri la Buckingham sikupendekezi. Umati ni mkubwa mno, niliona kofia.

Mvua ikinyesha, na itanyesha, nenda Royal Festival Hall kando ya mto. Jengo la mwaka 1951, ukumbi wake wa chini uko wazi, viti vipo, na sikuwahi kuulizwa umenunua nini. Ghorofa ya tano kuna maktaba ya mashairi. Nilikaa humo alasiri tatu. Na ikifika saa kumi na moja jioni, St Paul's au Westminster Abbey, ambako mchana watalii hulipa zaidi ya pauni 20, unaweza kuingia kwenye ibada ya jioni bila kulipa wala kuulizwa dini yako. Usipige picha. Kaa, sikiliza kwaya ikipanda hadi kwenye dari lile.

Shangazi nilimpata wiki ya tano. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi hiyo sikuwa na kipindi, nilimsubiri nje ya ofisi yake saa nne, bado amevaa fulana ya kampuni ndani ya koti. Alitaka kwanza arudi nyumbani akabadilishe nguo. Nikamwambia shangazi, twende hivyohivyo. Tukapita ukaguzi wa mikoba, tukapanda zile ngazi, taratibu kwa ajili ya magoti yake, na pale mlangoni akasimama akanishika mkono akingoja mtu atuulize tiketi. Mlinzi akasema karibuni, asubuhi njema, akageukia waliokuwa nyuma yetu.

Kuna kisanduku cha michango pale. Akafungua pochi akatumbukiza pauni moja. Sikumzuia.

Sikumpeleka kwa mamumi, zile maiti zilizohifadhiwa za Misri ya kale, wala kwenye jiwe la Rosetta lenye maandishi ya kale, ambalo daima limezungukwa na simu zilizoinuliwa juu. Nilimpeleka kwenye kabati moja la kioo, kwenye jiwe dogo la rangi ya majivu, linaloenea kiganjani, limebanjwabanjwa upande mmoja mpaka likapata makali. Ni chombo cha kukatia, kina takriban miaka milioni 1.8. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikipata mwaka 1931. Shangazi hasomi Kiingereza kwa haraka. Aliinama, kidole chake kikafuata maandishi juu ya kioo, kikafika kwenye neno Olduvai kikasimama pale.

"Hii ni kwetu," akasema.

"Ni kwetu, shangazi."

Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akaukunja kana kwamba amelishika lile jiwe, akaugeuza hivi na hivi akitafuta kidole gumba kingekaa wapi. Nilipomtazama nikaona kwamba mkono wenyewe umejua. Kidole kiliingia kwenye kibonyeo kilichokuwa upande wa pili wa kioo.

Akauliza walilichukuaje, na nani aliwaruhusu. Nikamweleza nilichokijua, na kwa kuwa alikuwa ameuliza nikamteremsha hadi ghorofa ya chini kwenye shaba za Benin (sanamu na vibao vya ufalme wa kale katika Nigeria ya leo), zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, tukazitazama hizo nazo. Nikamwambia kuwa makumbusho mengine ya jijini humuhumu, Horniman, mwaka 2022 yalikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72 vya Benin. Akasema, "Basi inawezekana." Sikuwa na la kuongeza. Kuingia bure hakulipi deni hilo, na sitaki mtu yeyote adhani kwamba kunalilipa. Lakini angalau sasa alikuwa amesimama mbele ya mali yenyewe, akiitazama kwa macho yake, badala ya kupita nje na ndoo.

Hatukuona kitu kingine. Saa tano na nusu tulikuwa kwenye ngazi tunakula mayai ya kuchemsha.

Nimesharudi nyumbani miezi minne sasa. Alhamisi nyingi, mchana wetu, simu huita ujumbe wa sauti kutoka kwa shangazi, na nyuma ya sauti yake nasikia mwangwi wa ule ukumbi mkubwa. Wiki iliyopita alisema hivi: "Leo nimempitia jirani yetu. Yupo, hajambo. Walikuja watoto wa shule na mwalimu wao, wakawa wanalitazama, nikawaambia mimi natoka nchi moja na jiwe hilo. Wakaniuliza maswali mwanangu, maswali, nikachelewa basi."